Kuanguka na Mlio Wake: Tanakali za Sauti Katika Tafsiri

Mwanafunzi wa tafsiri anapokumbana na vitenzi vya Kiingereza kama "thud", "plop" na "splash", aghalabu hutafuta kitenzi kimoja cha Kiswahili cha kulingana na kila kimoja. Akikikosa, huandika "kuanguka kwa kishindo" na kuendelea. Makala haya yanadai kuwa kinachotafutwa hapo si kitenzi, bali tanakali ya sauti.

Kiingereza huweza kukusanya tendo na mlio katika neno moja. Kiswahili kwa kawaida huvigawa: kitenzi hutaja tendo, nayo tanakali hubeba mlio. Chukua mfano wa gunia la mahindi linaloanguka kutoka kwenye lori mjini Eldoret. Kwa uzito wake, litaanguka pu! Likitua mchangani, litaanguka tifu! Likitua matopeni, tapwi! Likitumbukia mto Sosiani, chubwi! Gunia ni lile lile na kitenzi ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali pa kutua, na tanakali ndiyo inayotufahamisha.

Kwa hivyo, sentensi "Lilianguka chubwi" imekwisha kutaja maji bila neno "maji" kutamkwa. Mfasiri anayeiacha tanakali hiyo kwa kuidhania pambo huwa ameyaacha maji pia.

Uzito huu wa tanakali unadhihirika katika methali "Chururu si ndo ndo ndo". Methali hiyo haina kitenzi kikuu wala nomino. Ina tanakali mbili na kikanushi "si" tu. Hata hivyo, msikilizaji anatofautisha maji yanayotiririka mfululizo na yale yanayodondoka tone baada ya tone, na hoja inakamilika.

Ikumbukwe kuwa wanafunzi wengi walikutana na tanakali katika maandalizi ya mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, zikiwa orodha ya kukariri: majini chubwi, mchangani tifu. Orodha hiyo ina manufaa, ila haimwulizi mwanafunzi kwa nini chubwi haiwezi kukaa mahali pa tifu. Zoezi bora lingeigeuza: mwanafunzi apewe "Lilianguka tapwi", kisha aeleze lilipotua na hali ya mahali hapo. Akizoea kulijibu swali hilo, hataiacha tena tanakali njiani anapofasiri.