Dondoo muhimu: Nyumba isiyo ya ghorofa kwenye mteremko

Vilima vya Mwanza vina mandhari ya ziwa, ila vina mawe pia. Kabla ya mchoro, mwite mpima apime mwinuko wa kiwanja.

• Upande mrefu wa nyumba ukingame na mteremko. Mteremko wa 1 kwa 10 hushuka mita 1 katika kila mita 10. Ukiigawa sakafu, sebule ikawa chini ya vyumba kwa ngazi 3, unaokoa kifusi kingi. Kifusi kisichoshindiliwa hupasua sakafu.

• Mfereji wa maji ya mvua upite upande wa juu. Ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu, kokoto nyuma yake.

• Chumba cha wazee kiwe usawa mmoja na mlango mkuu.

• Shimo la choo liwe upande wa chini.

Jiwe kubwa likikukwamisha, liache bustanini. Kulipasua ni ghali.