Panga, Bote na Wavu: Vifaa vya Porini Vinavyodumu Oicha

Kati ya Mbau na Eringeti, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kando ya Barabara ya Kitaifa namba 4, vifaa huteseka. Mvua hainyamazi muda mrefu, udongo unang'ang'ania, maji ya kakao yanakula chuma, na ndani ya nyumba unyevu ni uleule wa nje. Wasomaji wanaoingia shambani na msituni wametuma maswali yao. Anayejibu ni fundi wa Oicha anayetengeneza vyuma na kuziba mipira. Anayo kanuni moja: usiulize kifaa kitadumu miaka mingapi, uliza kikiharibika ni nani hapa Oicha atakayeweza kukitengeneza.

Fundi, mapanga ya wazee wetu yalidumu. Haya ya sasa yanapinda msimu wa kwanza. Chuma kimebadilika au ni sisi? (Mkulima, Mbau)

Vyote viwili, ndugu yangu. Wazee wengi wakisifia panga wanakumbuka lile lenye alama ya mamba, la Martindale wa Birmingham, Uingereza. Leo utakuta Tramontina ya Brazili, kampuni iliyoanza mwaka 1911, pamoja na mengine chungu nzima yasiyo na kwao. Usinunue jina. Jina ni mhuri tu, na mhuri huigwa.

Jaribu hapohapo dukani. Kandamiza ncha kwenye ubao mpaka panga lipinde kidogo, kisha liachie. Likirudi likanyooka, chuma kimepikwa vizuri. Likibaki limepinda, hilo ni bati lenye mpini. Halafu omba tupa, upitishe mara moja kwenye makali. Tupa ikiteleza bila kung'ata, chuma ni kigumu kupita kiasi na kitamomonyoka kikigonga jiwe. Ikizama kama kwenye sabuni, makali hayatafika saa sita mchana. Tazama na mpini: chuma kipite mpaka mwisho wake, kibanwe kwa ribiti zinazoonekana pande zote mbili. Muuzaji akikukataza kufanya majaribio hayo, amekwisha kukujibu.

Mimi napenda zaidi panga la muhunzi, lililofuliwa kutoka resori ya gari. Chuma cha resori kimeumbwa kupinda na kurudi, na magari yaliyokufa katika barabara zetu yametuachia kingi. Lakini msimamie muhunzi wako. Akipashe moto hadi sumaku isishike tena, akitumbukize kwenye mafuta, kisha akipashe tena taratibu, moto mdogo, mpaka uso wake uliosuguliwa ugeuke rangi ya kahawia. Ukimwona anatumbukiza resori kwenye ndoo ya maji baridi, simama kando, maana mara nyingi hupasuka. Na asiyeipasha mara ya pili anakupa panga litakalovunjika siku ya kwanza. Panga la namna hii ni zito. Kwa kukata miti ni zuri sana, kwa kufyeka majani utachoka bure. Hapo chukua jepesi la kiwandani.

Tena acheni kupasulia kakao kwa panga lenye makali. Maji yake yana uchachu unaotoboa chuma vitundu vidogo, na ncha hujeruhi punje, halafu ukungu unaingia, halafu mnunuzi anakukata bei. Tumia rungu fupi la mti.

Nipake mawese panga langu lisishike kutu? (Mama wa Mavivi)

Mama, mawese ni afadhali kuliko kuacha hivihivi, ila baada ya siku chache yananata, yanakusanya vumbi, na vumbi linashika maji. Osha panga, lifute, lianike karibu na jiko likauke kabisa, kisha pitisha kitambaa chenye tone la mafuta mapya ya injini. Mafuta yaliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki usitumie. Yamejaa uchafu wa chuma na masizi. Kisu cha jikoni kipake mafuta ya kupikia, na ukioshe kabla ya kukitumia.

Bote zangu zimepasuka palepale pa vidole, na fundi wa baiskeli ameziba mara mbili bila kushika. Kosa ni la nani? (Mwalimu mwenye shamba la kakao, Oicha)

Si la fundi wa baiskeli. Bote zinazouzwa kwetu ni za aina mbili zinazofanana machoni: za mpira wa kweli, na za plastiki laini. Gundi ya kuziba mpira wa ndani wa baiskeli imetengenezwa kushika mpira. Kwenye plastiki inakauka juu, ukitembea inabanduka. Kabla ya kununua, omba ruhusa, pasha sindano moto na uchome ndani ya shingo ya bote, pasipoonekana. Plastiki itayeyuka na kuacha tundu laini. Mpira utaungua, utatoa moshi wenye harufu ya tairi, na hautayeyuka.

Za plastiki ni rahisi na nyepesi, sizilaumu. Lakini hukunjika mahali pamoja kila hatua, na jua likiikausha plastiki, hapo ndipo inapopasuka. Bote ya namna hiyo huungwa kwa joto: kisu kilichopashwa moto, kipande cha plastiki ya aina ileile, mkono usiotetemeka. Bote ya mpira ikitoboka ni kazi ya dakika chache. Kwangurua, safisha vumbi, paka gundi pande zote mbili, subiri ikauke hadi isinate kidole, kisha bandika na ugonge. Wengi hubandika ikiwa bado mbichi. Ndiyo maana inatoka.

Jioni zioshe, zigeuze midomo chini, na zikiwa zimelowa ndani zijaze majani makavu. Usiziweke juani wala kando ya moto. Nimeletewa bote nyingi kuliko ninavyopenda zilizouawa na jiko la nyumbani, msituni hazikuwa na shida. Na unapokwenda mahali pakavu, vaa malapa ya tairi. Hakuna kiatu nchini mwetu kinachoyashinda kwa miaka, na msumari ukitoka unaurudisha mwenyewe kwa jiwe.

Babu yangu aliwinda kwa wavu wa kusa. Mimi nina wa nailoni. Upi unadumu zaidi? (Kijana, Eringeti)

Kijana wangu, swali lako limenipendeza. Kusa ni nyuzi za gome la mtambaa ambao wataalamu wa mimea huuita Manniophyton fulvum. Wambuti wa misitu ya Ituri husokota nyuzi hizo kwa kiganja juu ya paja, kisha hufuma wavu mrefu. Siku ya kuwinda, nyavu za familia kadhaa huunganishwa ncha kwa ncha zikafanya nusu duara, na wanawake na watoto huwafukuza mboloko, wale paa wadogo wa msituni, kuelekea huko. Waefe, jirani zao, wengi wao hutegemea upinde.

Nailoni haiozi, lakini jua huidhoofisha, na fundo lake huteleza likilowa; funga mara mbili. Kusa huoza ikikunjwa mbichi. Ndiyo sababu wazee waliutundika wavu ndani, moshi wa moto uufikie, wadudu waukimbie. Nailoni usiiweke hapo, joto litaiharibu. Nguvu ya kusa iko kwenye jambo lingine: uzi ukikatika, dawa yake iko msituni, na mwenye wavu anajua kuufuma. Wavu wa kusa unaotunzwa hubadilishwa kipande kwa kipande mpaka nyuzi za mwanzo zinakuwa chache. Nailoni ikiisha, ni sokoni tena. Bahati mbaya, tangu mauaji ya Oktoba 2014 yaanze katika eneo la Beni, familia nyingi za Wambuti zimefukuzwa msituni, na mtoto anayekulia kando ya barabara hapati mahali pa kujifunzia kusokota. Kama babu yako yu hai, keti naye mwezi huu.

Waya gani unadumu kwa mitego? (hakutaja kijiji)

Wa kutegea sikuchagulii. Mtego wa waya haubagui: unamshika mboloko, sokwe, mbwa wa jirani, hata okapi ambaye sheria inamlinda kabisa. Uwindaji una sheria yake ya tarehe 28 Mei 1982, na ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, kuwinda ni marufuku, waya uwe mpya au wa zamani.

Nyongeza kuhusu kisu cha kuchunia. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilifika kwetu pia, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287 mashariki mwa nchi. Mnyama uliyemkuta amekufa anaweza kuwa nayo, usimguse. Na ukisafisha kisu kwa klorini, kisuuze kwa maji safi, kikaushe na ukipake mafuta papo hapo, kwa kuwa klorini inakula chuma haraka kuliko mvua.

Tochi ya kichwani? (Mlinzi wa usiku)

Nunua yenye betri inayotoka. Ile iliyofungwa kwa gundi, betri ikifa, tochi imekufa. Usipoitumia wiki nzima, toa betri zile za kawaida, zisije zikavuja ndani. Betri ya kuchaji ikivimba, usiitoboe na usiichaji tena.

Turubai linadumu muda gani? (Mama, Oicha)

Lile la plastiki iliyofumwa linauawa na jua zaidi ya mvua. Mashirika ya misaada hugawa la mita 4 kwa 5, na wengi wetu tuliokimbia tumelala chini yake. Usilivute mpaka likaze kama ngoma, upepo utalichana kwenye matundu ya kamba. Funga kijiwe laini ndani ya ukingo, uzungushie kamba nyuma yake. Hapo hakuna tundu la kuchanika. Likianza kutoa unga mweupe mkononi, lishushe, lifunike kuni.

Koti zuri la wawindaji wa Ulaya, la madoadoa, nimelipata kwenye mitumba. Ni imara sana. (Kijana wa pikipiki)

Liache. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, na mtu aliyevaa madoadoa kati ya migomba haulizwi kwanza jina. Vaa rangi inayoonekana, mwende wengi, na mrudi mapema.

Nina pesa ya kitu kimoja tu. Nianze na nini? (Mkulima, Mbau)

Tupa nzuri. Panga ulilo nalo nyumbani huenda lina miaka mingi bado. Limekosa mtu wa kulinoa.