SOMO LA MWEZI: Kwa Nini Boti Huelea, na Kwa Nini Hupinduka



Ukiuliza pale ufuoni Dunga kwa nini jiwe huzama, utajibiwa, "Si ni zito!" Haya, feri ya Mbita ni chuma tupu, mbona yaelea? Hebu tujaribu wenyewe.

Jaribio la 1. Tafuteni karai la maji na mkebe mfupi mpana wa bati. Uwekeni juu ya maji: unaelea. Sasa ukanyageni mpaka uwe bapa kabisa, mwurudishe. Umezama! Uzito ni ule ule. Ila mkebe mzima ulisukuma maji mengi kando, na maji huusukuma juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa. Jambo hili aliligundua Archimedes, Mgiriki, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Jaribio la 2. Chukueni bakuli la plastiki lenye kifuniko. Tieni mawe madogo ndani, funikeni, liacheni lielee. Liguseni: latikisika, latulia. Sasa toeni mawe, myapange juu ya kifuniko. Liguseni tena: chubwi! Uzito haukuongezeka. Umepanda juu tu.

Basi tushike haya: kuelea ni swali moja, kutopinduka ni swali lingine. Abiria wote wakisimama, boti haijaongeza hata kilo moja, lakini imekuwa rahisi kupinduka. Wakikimbilia upande mmoja, ndiyo basi.

Ziwa letu limetufundisha kwa uchungu. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia walikufa. MV Nyerere, iliyojaza kupita kiasi, ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia kisiwa cha Ukara. Waliokufa walizidi 200, na nchi kavu ilikuwa karibu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwenye boti tunazopanda, magunia ya omena hupangwa wapi? Na watu je?
2. Boti ikikaribia ufuo, nani husimama kwanza, na kwa nini?
3. Nani kati yetu atathubutu kumwambia nahodha, "Imetosha, hatupandi"?

Swali la tatu msiliruke. Mmoja akisema peke yake atachekwa. Kikundi kizima kikikataa kupanda, nahodha atapunguza.

Mzigo chini, watu wameketi, jaketi mwilini. Tuonane mwezi ujao.