Somo: Kukagua Trekta la Zamani

Kabla kamati haijanunua au kupokea trekta lililotumika, ikague mambo matatu. Tuchukue mfano wa Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa miaka ya 1960.

1. Injini. Ni Perkins ya dizeli yenye silinda tatu, isiyo na kompyuta. Kama chujio lake la hewa ni lile la bakuli la oili, lifungueni. Oili ikijaa matope, vumbi hupita na kula silinda. Msidanganywe na rangi mpya.

2. Mikono mitatu ya nyuma. Mfumo huu uliendelezwa na Harry Ferguson. Plau ikikutana na udongo mgumu, haidroliki huinyanyua kidogo na uzito huhamia magurudumu ya nyuma, yasiteleze. Plau ikinyanyuliwa kisha ikawa inashuka na kupanda yenyewe, haidroliki inavuja.

3. Shafti ya kuendeshea mashine. Huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Ikinasa khanga au shati, huua. Kifuniko chake kikikosekana, kipatikane kabla ya kazi kuanza.

Swali la kujadili: Nani kati yenu atapima oili kila asubuhi?