Kuhuisha Machimbo Yaliyoachwa: Funzo la Mivinje na Majongoo wa Bamburi

Miji mingi ya pwani ya Afrika Mashariki imejengwa kwa mawe na chokaa iliyochimbwa kando yake. Mji unapokua, nyumba huyazunguka machimbo, na mashimo yaliyoachwa hugeuka kuwa majaa ya taka na mazalio ya mbu. Aghalabu watu hukusudia kuyarekebisha kwa kupanda miti, na aghalabu miti hiyo hunyauka upesi. Sababu yake yaweza kuonekana vizuri katika machimbo ya Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa.

Hali ya mahali

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa mawe ya matumbawe ya kale, ambayo kikemia ni kalisi kaboneti. Mawe yalipokwisha kuchimbwa, ilibaki sakafu ya mwamba mtupu, isiyo na udongo, yenye kuakisi jua kali, na iliyo karibu na maji ya chini yenye chumvi. Tena, chokaa huleta hali ya alkali, ambamo chuma na fosforasi hufungika hata mizizi isiweze kuvifyonza kwa urahisi.

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu aina 26 za miti mahali hapo. Aina 3 tu zilisalimika, na iliyofaa kuliko zote ni mvinje.

Uwezo wa mvinje

Wanafunzi watakumbuka kwamba naitrojeni ni kama asilimia 78 ya hewa, lakini mimea haiwezi kuitumia ikiwa katika hali ya gesi. Katika mizizi ya mvinje huishi bakteria wa jenasi ya Frankia. Bakteria hao hujenga vinundu, huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mti, nao hupewa sukari na mti. Zaidi ya hayo, mvinje huvumilia chumvi.

Hata hivyo, kazi haikuwa imekwisha. Vitawi vyembamba vya mvinje, vifananavyo na sindano, vilianguka na kulundikana bila kuoza, kwa kuwa vina tanini nyingi inayozuia kazi ya bakteria. Kwa hiyo chakula kilichopatikana kwa shida kilikaa juu ya mwamba bila kurudi kwenye mizizi. Miti ilikuwapo, lakini mzunguko ulikuwa umekatika.

Kiungo kilichokosekana kilikuwa jongoo. Haller aligundua kwamba majongoo wakubwa wenye miguu myekundu huvila vitawi hivyo, akawaleta kwa wingi. Vitawi vilivyosagwa tumboni mwao vilitoka kama kinyesi ambacho bakteria waliweza kukiozesha kiwe mboji. Juu ya mboji hiyo ikapandwa miti mingine, wakafuata ndege na wanyama, na katika miaka ya 1980 bustani ikafunguliwa kwa wageni. Leo yaitwa Haller Park.

Funzo kwa mitaa yetu

Kupanda mti ni kuanza tu. Hapana budi kuuliza nani atakayeyaozesha majani yake. Vilevile, bustani ya mtaa ina kiungo kingine, yaani mkazi. Kabla ya kupanda, wakazi waulizwe njia yao hupita wapi, watoto huchezea wapi, na maji ya mvua hutuama wapi. Njia ikizibwa, miche itakanyagwa. Ukuta wa machimbo waweza kuchorwa na wanafunzi wenyewe, kwani watu hukilinda walichokitengeneza.

Jaribio

Chukua makopo mawili yenye matundu ya hewa. Tia katika kila moja vitawi vikavu vya mvinje vya uzito sawa, uvilowanishe kidogo. Katika kopo moja weka majongoo watano. Pima uzito wa vitawi vilivyobaki kila juma kwa majuma sita. Nawa mikono baada ya kuwashika, kwani hutoa majimaji yawashayo. Mwishowe warudishe walikotoka.

Maswali

1. Kwa nini kopo la pili, lisilo na majongoo, ni la lazima?
2. Taja kiungo kinachokosekana katika uwanja mmoja uliotelekezwa karibu na shule yako.