DARSA YA 12 YA RAMADHANI: Huyo Tunayemwita Mvivu



Ndugu zangu wa msikitini, kina mama, kina baba, vijana wetu, na ndugu zetu madereva mnaotusoma mkiwa kwenye foleni ya mpakani: Alhamdulillah, tumeingia kumi la pili, kumi la maghfira.

Juzi baada ya tarawehe ndugu mmoja alinishika mkono pale penye viatu. Akaniambia, "Ustadh, mwaka huu swaumu imenishinda. Nimechoka sana. Nahisi imani yangu imeshuka." Nikamuuliza, "Uchovu huu umeanza lini?" Akafikiri kidogo, akasema, "Tangu kabla ya Rajabu."

Sasa hapo tusimame. Uchovu ulioanza kabla ya Rajabu si wa swaumu. Swaumu inasingiziwa tu. Uchovu wa swaumu tunaujua wote: unakuja alasiri, mdomo mkavu, macho mazito, halafu ukishafuturu na kulala unaondoka. Lakini ule unaoamka nao, unaofuturu nao na kulala nao, wiki tatu, mwezi, miezi miwili, huo una sababu yake nyingine. Na sababu hutafutwa.

*Kisa changu mwenyewe*

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na binti madrasani, wa miaka kama kumi. Alitoka bondeni Momba, kwenye mpunga, akaja kukaa na shangazi yake hapa Tunduma. Kila jioni alisinzia. Wenzake wanasoma, yeye kichwa kiko juu ya juzuu. Mimi nina stashahada ya ualimu, nilifundishwa chuoni kwamba mtoto anayesinzia aulizwe kwanza. Sikuuliza. Nilimsimamisha asome akiwa wima. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba uvivu ni mlango wa shetani.

Wiki moja bibi yake akaja kumtembelea. Akanifuata mlangoni, hakupandisha sauti. Akamvuta mtoto kope la chini ya jicho, akaniambia, "Ustadh, tazama hapa. Huyu si mvivu. Hana damu." Nikatazama. Ndani ya kope palikuwa peupe, viganja vyake pia vyeupe. Nilikuwa na mtoto huyo mbele yangu kila siku, na sikuwahi kuona.

Walikwenda kupima. Damu ilikuwa 6, na mtoto wa umri ule anatakiwa awe na 11.5 au zaidi. Choo kilionyesha minyoo ya safura. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Baada ya miezi michache ndiye aliyekuwa akiwaongoza wenzake kusoma. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile nililomwaibishia. Alicheka tu, watoto wana moyo mpana. Lakini mimi kisa kile kimenikaa.

*Mambo mawili, si moja*

Katika dua zake, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kwa Allah dhidi ya 'ajz na dhidi ya kasal. Ameyataja mawili, kila moja kwa jina lake. Wanachuoni wametueleza tofauti: kasal ni uvivu, yaani mtu anaweza lakini hataki. 'Ajz ni kushindwa, yaani mtu anataka lakini hawezi.

Sisi tumeyachanganya. Mke akichelewa kuamka kupika daku, mvivu. Kijana akishindwa kumaliza tarawehe, mvivu. Na mara nyingine mtu anajiita mvivu mwenyewe, anajilaumu usiku na mchana, kumbe anataka na hawezi. Mvivu unampa nasaha. Asiyeweza umsaidie kutafuta kilichomzuia. Ukimpa nasaha tu, umemdhulumu.

Na hili si letu peke yetu. Kusini mwa Marekani watu masikini walichekwa kwa miaka mingi kwamba ni wavivu wa kuzaliwa. Mwaka 1909 tajiri Rockefeller alitoa dola milioni 1 kupambana na minyoo hii hii ya safura. Walipopimwa watoto wa shule, takriban 4 kati ya 10 walikuwa nayo. Magazeti yakaiita kijidudu cha uvivu. Karibu na kwetu, kisiwani Pemba, watafiti waliwapima wanafunzi miaka ya 1990 wakakuta upungufu wa damu umeenea, na ule mkali kwa sehemu kubwa ulitokana na safura.

Minyoo hii huingia kwa ngozi ya mguu, kwa anayetembea pekupeku kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Hufika tumboni, hung'ata utumbo na kunyonya damu. Mmoja hanyonyi nyingi, lakini wakiwa mamia, mtu anaisha taratibu bila maumivu makubwa. Ndiyo maana anaitwa mvivu, maana hana jeraha la kuonyesha.

*Tutafute vipi?*

Safura ni sababu moja tu. Zipo nyingi, na huwezi kuzijua kwa kukisia. Chukua daftari, wiki moja, jibu maswali haya kila siku:

1. Uchovu ulianza lini, na nini kilibadilika wakati ule? Kazi mpya, ujauzito, msiba, dawa mpya?
2. Ukilala vizuri unapungua au upo pale pale? Je, wanaolala karibu nawe wanasema unakoroma sana na pumzi inakatika? Ndugu zetu madereva, kulala kwenye kiti cha lori siku nne foleni si usingizi, na vinywaji vya kuchangamsha havilipi deni la usingizi.
3. Unakuja pamoja na nini? Kiu kali na kukojoa mara kwa mara usiku, hasa hata usipokuwa umefunga, kapime sukari. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kupungua mwili, kapime kifua kikuu. Moyo kwenda mbio ukipanda mlima, weupe wa kope, hedhi nzito, kapime damu. Homa, kapime malaria. Na kipimo cha VVU usikikimbie, ndugu yangu. Aliyepima akaanza dawa anaishi na kulea wanawe.
4. Unalala wapi? Tunduma kuna baridi, na wengi tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga dirisha. Ukiamka na kichwa kizito, kichefuchefu na uchovu, na nyumba nzima mko hivyo, toa jiko leo hii, fungueni madirisha, nendeni hospitali. Hewa ile haina harufu, na inaua.
5. Unafanya kazi gani? Wanaochenjua dhahabu kule wilayani Songwe kwa zebaki, wakiona uchovu na mikono inatetemeka, wamwambie daktari kwamba wanashika zebaki. Asipoambiwa hatajua.
6. Moyo ukoje? Ikiwa hata mambo uliyoyapenda hayakufurahishi, unakosa usingizi au unalala kupita kiasi, hayo nayo ni maradhi, na yana tiba. Si upungufu wa imani.

Daftari hilo mpelekee daktari. Usiende kumwambia "nimechoka tu", mpe tarehe na dalili. Wala usinunue vidonge vya damu dukani kwa kubahatisha, kwa sababu ukiongeza damu na kinachoivujisha kipo, unajaza ndoo iliyotoboka.

Kina mama, nanyi nina neno. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu nusu! Kwa hiyo baba, kabla ya kusema mkeo amekuwa mzito, mpe nauli akapime. Na futari zetu: maharage na mboga za majani ni chakula cha damu, lakini chai ya rangi juu yake inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Chai isubiri kama saa moja baada ya kula. Kwenye chakula kamulia limao au kula chungwa.

*"Ustadh, si nisubiri Idi?"*

Hapana. Wengi wanaahirisha wakidhani kutolewa damu kunafunguza. Kiasi kidogo cha kupima hakifunguzi kwa kauli ya wanachuoni wengi, na katika madhehebu yetu ya Shafi hata kupiga chuku hakufunguzi. Kutoa choo au mkojo wa kupima ndiyo kabisa. Dawa ya mara moja kwa siku mwulize daktari kama unaweza kuinywa usiku. Na ukiambiwa mwili wako hauwezi kufunga kwa sasa, basi kumbuka kwamba Allah mwenyewe katika Suratul Baqara amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa ya Mola si aibu. Mjamzito na anayenyonyesha wakihofia nafsi zao au watoto wao, waje tuwaelekeze hukumu yao.

Na anayesema ni kijicho au jini: isomwe ruqya, hatukatazi. Lakini kapime pia. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na ametufundisha kwamba kila maradhi yaliyoteremshwa yameteremshiwa dawa.

*Kazi ya leo*

Fikiria mtu mmoja nyumbani kwako uliyewahi kumwita mvivu mwaka huu. Leo baada ya futari kaa naye, umuulize tu: "Umechoka tangu lini?" Halafu nyamaza, usikilize. Na kama mtu huyo ni wewe mwenyewe, jiulize kwa upole ule ule.

Yule ndugu wa pale penye viatu amekwenda kupima. Majibu ni yake na daktari wake. Mimi na nyinyi kazi yetu ni kumwombea.

Ewe Mola wetu, tuponye wagonjwa wetu tunaowajua na wasiojijua. Tusamehe kwa wale tuliowahukumu bila kuwauliza. Utupe afya ya kukamilisha mwezi huu. Aamin.

Mfikishie na mwenzako ambaye hayumo humu. Kesho inshaAllah tutazungumzia haki ya jirani wakati wa futari.

Wassalaam alaykum.