Banda la Kuku Wakati wa Baridi ya Milimani

Wengi wetu hapa Voi tumezoea jua tu, kwa hivyo ukisikia makala ya kuku na baridi huenda ukacheka. Hata mimi nilicheka, mpaka vifaranga tisa waliponifia kwa siku tatu.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka jana. Nilikuwa na vifaranga ishirini wa wiki tatu. Mama aliniahidi kwamba wakikomaa, pesa zao zitalipa chakula changu cha mchana shuleni. (Wenzangu wa shule ya kutwa, mnajua saa saba huwaje kwa asiyelipa!) Basi nikawatia katika katoni, nikapanda matatu kupitia Mwatate hadi Wundanyi kwa nyanya.

Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, Wundanyi inapita 1,300, na kilele cha Vuria ni mita 2,208. Katika Jiografia tumefunzwa kwamba kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Tena kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta unyevu wa Bahari ya Hindi. Ukigonga milima ya Taita hupanda, hupoa, na kuwa ukungu na manyunyu.

Kuona hivyo, nikachukua karatasi ya nailoni na magunia, nikaziba banda lote, juu na chini, bila kuacha hata tundu la sindano. Nikalala kwa raha. Asubuhi kufungua, lo! Harufu ya kinyesi ikanichoma macho. Mabati yalidondosha maji kana kwamba mvua imenyesha ndani, na maranda yote yameloa. Vifaranga wamejikunyata pembeni, wengine wakikoroma kifuani. Siku ya tatu nilikuwa nimezika tisa.

Nyanya hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mjukuu wangu, wewe waweza kulala ndani ya gunia lililofungwa mdomo?"

Kumbe baridi peke yake haikuwa adui mkubwa. Mwili wa kuku una joto la digrii 41 hivi, na manyoya yake ni blanketi kwa sababu hushika hewa katikati. Yakiloa, blanketi limekwisha. Sasa, kuku anapumua usiku kucha na kinyesi kinatoa mvuke. Hewa hiyo ya joto hupanda, na isipopata njia hugusa bati baridi, ikawa maji, ikawarudia wenyewe mgongoni. Kinyesi kilicholoa nacho hutoa amonia, ambayo huumiza mapafu.

Tukabandua nailoni chini ya paa, tukaacha nafasi ya shubiri moja juu ya vichwa vya kuku, tukaweka wavu kwa ajili ya vicheche. Upande wa kusi tuliuacha umezibwa kwa chini. Maranda makavu tulitandaza sentimita 10, na kila asubuhi niliondoa yaliyoloa.

Nilitaka kuweka jiko la makaa ndani, nyanya akakataa katakata. Alikuwa na haki, maana makaa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kuku na watu pia. Badala yake tulijaza maji moto katika jerikeni ya lita tano, tukaifunga kwa gunia, tukaiweka katikati ya vifaranga. Saa sita usiku naamka kubadilisha maji, usingizi umenijaa! Niliwatazama wao wenyewe: wakirundikana wanaona baridi, wakikaa mbali midomo wazi joto limezidi, wakitawanyika na kutulia mambo ni sawa.

Kumi na mmoja walipona. Desemba niliuza saba, na pesa zikatosha chakula cha muhula mmoja tu. Wanne wamebaki kwa nyanya. Juzi alituma salamu kwamba kusi imeanza tena, na ile nafasi ya juu hajaiziba.